Kuweka Linux kwenye Sun Ultra 5 kupitia mtandao

Sun Ultra 5, kompyuta ya mezani ya kampuni ya Sun, ilitoka mwaka 1998 ikiwa na prosesa ya UltraSPARC IIi. Haina USB wala bayosi (programu ya kuwashia ya kompyuta za kawaida), kwa hiyo flashi yako haitakufaa hapa. Kazi ngumu iko kabla ya Linux kuanza. Kisakinishi chenyewe hakina makuu.

1. Kumbukumbu. RAM zake huingia mbili mbili. Mwisho wake ni MB 512, na ningeshauri ujaze zote.

2. Sahau skrini. Chomoa kibodi kabla ya kuwasha, na mashine itahamishia mazungumzo yote kwenye poti ya seria A, ile ya pini 25. Tumia kebo iliyopishanishwa, yaani waya wa kutuma wa upande mmoja uingie kwenye wa kupokea wa upande wa pili. Kwenye laptopu iliyo upande wa pili wa kebo andika:

`screen /dev/ttyUSB0 9600`

Ukibonyeza Ctrl-A kisha b, mashine husimama na kukuonyesha neno `ok`. Hapo uko ndani ya OpenBoot, programu ya kuwashia ya mashine za Sun.

3. Chipu ya NVRAM, inayotunza mipangilio na anwani ya mtandao. Betri yake imefungiwa ndani ya chipu, na kwa umri huu nyingi zimeshakufa. Dalili ni anwani ya mtandao kusomeka ff:ff:ff:ff:ff:ff. Ukiiona, andika:

`set-defaults`
`8 0 20 1a 2b 3c 1a2b3c mkpl`

Baada ya mstari wa pili, `ok` haitarudi. Bonyeza Ctrl-D, halafu Ctrl-R, kisha andika `reset`. Tarakimu sita za mwisho za anwani (hapo juu 1a 2b 3c, zikirudiwa kama 1a2b3c) chagua mwenyewe, ila mashine mbili za mtandao mmoja zisifanane. Ukichomoa umeme utarudia yote haya hadi ubadilishe chipu. Imekaa kwenye soketi, haihitaji kuchomelewa.

4. Seva ya kuwashia. Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliacha kuhudumia SPARC (familia ya prosesa hii) rasmi baada ya toleo la 7, lakini sparc64, yaani SPARC ya biti 64, inaendelea kwenye Debian Ports, upande wake usio rasmi. Gentoo nayo ipo, kama una subira ya kukompaili programu zake kwa prosesa ya MHz 360. Mimi sina.

Kwenye kompyuta nyingine ya Linux weka rarpd (huipa Sun IP yake) na tftpd (huitumia faili). Ndani ya `/etc/ethers` oanisha anwani ya mtandao ya Sun (ile ya hatua ya 3) na IP utakayoipa. Faili la kuwashia lipe jina la hiyo IP kwa heksadesimali, herufi kubwa: 192.168.1.20 inakuwa `C0A80114`. Wengi hukwama hapa, maana jina likikosewa mashine haipati faili. Kisha kwenye `ok` ya Sun:

`boot net`

5. Diski. Kisakinishi kikifika kwenye kugawa diski, chagua lebo (jedwali la migawanyo) ya aina ya Sun. Sehemu ya tatu inawakilisha diski nzima; usiiguse. `/boot` iweke mwanzoni kabisa.

6. Kuwaka yenyewe. Kwenye `ok` andika:

`setenv boot-device disk`
`setenv auto-boot? true`

Mazingira ya dawati usiyahangaikie. Ingia kwa ssh, yaani kwa maandishi kupitia mtandao. Mashine hii inafaa zaidi kupima programu za C: hupanga baiti kinyume na Intel, na haivumilii data iliyokaa kwenye anwani ya kumbukumbu isiyogawanyika kwa ukubwa wa data hiyo. Programu inayopita kimya kwenye laptopu, hapa huangushwa papo hapo kwa `Bus error`. Ikompaili kwa `-g`, uiendeshe ndani ya gdb (programu ya kusaka makosa), na utauona mstari wenyewe.