Jinsi ya Kuifahamu HAL Laboratory kwa Kucheza Michezo Yake

Anayetaka kuifahamu HAL Laboratory, kampuni ya Japani ya kutengeneza michezo ya video, asianzie mwaka 1980 ilipoundwa, ingawa jina lake lina kisa cha kuchekesha: Satoru Iwata, mwandishi wa programu wa kampuni hiyo ambaye baadaye alikuwa rais wake, alieleza kwamba kila herufi ya jina HAL inaitangulia kwa hatua moja herufi ya IBM, kampuni kubwa ya kompyuta ya Marekani. Michezo ya miaka ya mwanzo, kama Balloon Fight aliyoiandikia programu Iwata mwenyewe, inafurahisha, lakini tabia ya kampuni bado haijajitokeza. Tabia hiyo inaonekana mwaka 1992, na hapo ndipo pa kuanzia.

Tafuta Kirby's Dream Land ya Game Boy, mashine ndogo ya mkononi ya kampuni ya Nintendo, uicheze mpaka mwisho kwa mkao mmoja, kwa kuwa ina hatua tano tu na haichukui muda mrefu. Mbunifu wake, Masahiro Sakurai, alikuwa kijana wa miaka 19, na lengo lake lilikuwa mchezo ambao hata asiyewahi kushika mashine ataumaliza. Ukifika penye shimo, bonyeza juu: Kirby, yule mhusika mviringo unayemwendesha, anavuta hewa, anavimba na kupaa, kisha anaweza kuendelea kupaa kadiri upendavyo. Katika michezo mingi ya wakati ule shimo lilikuwa kifo. Hapa karibu unalipita tu. Ukishamaliza, rudi kwenye skrini ya jina, shikilia kwa pamoja vitufe vya juu, A na Select, nao utafunguka mchezo wa ziada wenye maadui wakali zaidi. Usiuruke, maana sehemu hizo mbili, mlango mpana kwa mgeni na chumba cha ndani kwa mzoefu, utazikuta tena katika kazi nyingi za kampuni hii. (Ukiona kasha la toleo la Marekani lenye Kirby mweupe, usidhani ni kosa la uchapaji wa nakala yako: skrini ya Game Boy haikuwa na rangi, na waliochora kasha lile hawakuambiwa kwamba Sakurai alimkusudia awe wa waridi.)

Fuatisha Kirby's Adventure ya mwaka 1993. Wazoefu walikuwa wamelalamika kwamba mchezo wa kwanza ni mwepesi mno, na jibu la Sakurai halikuwa kumbana mgeni bali kumruhusu Kirby amezaye adui achukue uwezo wake. Cheza hatua moja mara tatu, kila mara kwa uwezo tofauti, uone jinsi hatua ileile inavyobadilika.

Hapo simama kidogo usome historia, kwa sababu kampuni iliyokuwa ikitengeneza michezo hii ilikuwa imeelemewa na madeni. Nintendo ilikubali kuiokoa kwa sharti kwamba Iwata awe rais wa HAL, naye akashika wadhifa huo mwaka 1993, deni likiwa yeni bilioni 1.5. Pamoja na mzigo huo aliingia kuunusuru mchezo wa Mother 2, ambao matayarisho yake yalikuwa yamekwama, akawaambia watengenezaji wake kwamba wakiendelea na walichonacho watahitaji miaka miwili, lakini wakianza upya kwa njia yake itatosha nusu mwaka. Ulitoka mwaka 1994. Iwata alihamia Nintendo mwaka 2000 na kuwa rais wake mwaka 2002.

Kisha nenda kwenye Super Smash Bros. ya mwaka 1999, mchezo wa mapigano, ukiitazama hasa ile hesabu ya asilimia: badala ya uhai unaopungua mpaka uishe, kila pigo huongeza umbali utakaorushwa, hivyo mgeni huelewa mara moja kwamba asitoke uwanjani. Super Smash Bros. Melee ya mwaka 2001 ifuate hapohapo.

Kabla ya kuongeza jina lolote kwenye orodha yako, soma majina ya watengenezaji mwishoni mwa mchezo, kwani jina la Kirby kwenye kasha si ushahidi. Kirby's Epic Yarn ya mwaka 2010, kwa mfano, ilitengenezwa na kampuni nyingine, Good-Feel. Nayo Super Smash Bros. Brawl ya mwaka 2008 ilitoka mikononi mwa kikosi kingine kilichokusanywa na Sakurai, aliyeiacha HAL mwaka 2003.

Malizia na Kirby and the Forgotten Land ya mwaka 2022, ambamo mfululizo mkuu uliingia kikamilifu katika uwanja wa pande tatu (3D). Fanya jaribio hili: simama mbali kidogo na adui, kwa namna ambayo ukitazama kutoka ilipo kamera pigo linaonekana kumfikia, ilhali kwa vipimo halisi limempita pembeni. Piga. Mara nyingi litahesabiwa, kwa kuwa watengenezaji waliamua kwamba kile anachokiona mchezaji ndicho kiwe kweli. Baadaye jaribu kubonyeza kitufe cha kuruka mara tu kabla Kirby hajagusa ardhi, nawe utaona anaruka tena bila kukukosoa.