Kurusha na kutua Spitfire ya rimoti huku kwetu Mbeya bila kuivunja

Hii ni kwa wale ambao mmeshazoea ndege ya kujifunzia, ile yenye bawa juu, na sasa mmepata Spitfire, mfano wa ndege ya kivita ya zamani ya Waingereza, yenye tairi mbili mbele zilizokaribiana na kijitairi mkiani. Hewani ni tamu sana, ila ikiwa chini ni korofi kweli.

Kwanza jua uko wapi. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo propela inavuta kidogo na bawa linahitaji spidi zaidi ndo libebe. Mtu wa Dar akikwambia yake inapaa ndani ya mita 15 usimfuatishe, wewe tafuta uwanja mrefu, nyasi fupi, na mbali na njia ya ndege kubwa, na vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ufuatilie mapema.

Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, ila mwezi wa sita na wa saba baridi ya asubuhi inanyong'onyeza betri, mi huwa naweka ndani ya koti mpaka dakika ya mwisho. Watoto watakuja tu, waambie wasimame nyuma yako na wasiikimbilie ndege hata ikianguka maana propela inakata.

Kupaa sasa. Elekeza pua kwenye upepo, vuta eleveta (kibawa cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua) nyuma ili mkia ukae chini, halafu ongeza moto, yaani nguvu ya mota, taratibu, hesabu moja mpaka nne ndo ufike mwisho. Ukisukuma stiki ya moto ghafla ndege inakatia kushoto, maana nguvu ya propela inaisukuma upande huo, kwa hiyo kidole kiwe tayari kwenye rada (usukani wa mkiani wa kugeuza pua kushoto na kulia), upande wa kulia. Ikishika spidi legeza eleveta kidogo kidogo, utaona mkia unanyanyuka, na hapo hapo itataka kukata kushoto tena, ongeza rada kidogo. Iache ikimbie kwa tairi mbili. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanaona uwanja unaisha wanaivuta, inaruka mita moja, bawa la kushoto linadondoka, kwisha. Ya kwangu ya kwanza ilivunjika miguu yote miwili hivyo hivyo Uyole. Kama uwanja unaisha na haijawa tayari, zima mota, jaribu upya. Ikipaa yenyewe iache ipande kwa mteremko mdogo, usigeuze kabla haijafika juu ya miti.

Kutua ndo kazi yenyewe. Weka saa kwenye rimoti ikuite mapema, ubaki na betri ya kuzunguka hata mara tatu. Anza mbali, ishuke ikiwa imenyooka, na usizime mota kabisa, acha iwe inavuta kidogo muda wote, kwa macho itaonekana inakuja haraka sana lakini ndiyo spidi yake ya huku. Ikiwa inakuja usoni kwako kulia na kushoto vinageuka, sukuma stiki ya eileroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande) kuelekea bawa lililoinama, kama unaliwekea mti wa kulishikilia, itanyooka. Ikishapunguza spidi marekebisho madogo fanya kwa rada, maana ukitumia eileroni sana ncha ya bawa inaacha kubeba, inabinuka.

Ikiwa kama goti lako kutoka chini, punguza mota polepole, eleveta kidogo tu, acha tairi za mbele ziguse zenyewe mkia ukiwa bado juu. Ikidunda usisukume pua chini, ongeza moto uzunguke tena. Ikishatulia na kupoa mwendo, vuta eleveta yote nyuma, mkia ushike ardhi isije ikapiga pua, na endelea kuiongoza kwa rada mpaka isimame kabisa. Usiifuate kabla hujafunga mota kwenye rimoti.

Kagua miguu na propela kila ikitua, kaufa kadogo ukikaacha kanakuja kukatika hewani.