Namna ya kusoma matokeo ya kushtukiza ya uchaguzi wa Uingereza ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Maelekezo haya ni ya katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mtangazaji wa redio ya wilaya, mwalimu wa uraia, au yeyote wa Tukuyu, Mbozi, Mufindi au Njombe ambaye Ijumaa asubuhi ataulizwa: "Sasa huko Uingereza nani kashinda, na sisi inatuhusu nini?" Swali hilo linajibika vizuri kwa daftari moja, kalamu na bando la usiku.

Anza na saa. Vituo vya kupigia kura vya Uingereza hufungwa saa 4 usiku kwa saa za kwao. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba wako nyuma yetu kwa saa 2, kwa hiyo kwetu inakuwa saa 6 usiku. Uchaguzi ukiangukia majira yao ya baridi, kama ule wa Desemba 12, 2019, tofauti ni saa 3 na vituo hufungwa saa 7 usiku wetu. Wao hupiga kura Alhamisi, hivyo mkesha ni Alhamisi kuamkia Ijumaa. Chaji simu jioni, na kama ni Juni, tafuta blanketi zito. Usiku wa Juni Mbeya au Makete haufai kukaa na kanga pekee.

Sasa chora jedwali. Safu ya kwanza andika chama, ya pili viti kilivyopata uchaguzi uliopita, ya tatu makadirio, ya nne matokeo halisi. Juu ya ukurasa andika 326 na uizungushie duara. Bunge lao la wabunge wa kuchaguliwa lina viti 650, na 326 ndiyo namba inayozidi nusu. Hapa ndipo wasikilizaji wetu wengi hupotea, kwa sababu wamezoea Oktoba ya kwetu: karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani. Katika uchaguzi wao mkuu mpiga kura hupewa karatasi ya mbunge wa jimbo lake tu. Waziri Mkuu hapigiwi kura na nchi nzima. Anapatikana kutokana na viti, yaani ni yule anayeweza kuungwa mkono na wabunge wengi. Mshindi wa jimbo ni mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata asipofika nusu. Hilo la jimbo tunalijua, kwetu ni hivyo hivyo.

Vituo vinapofungwa tu, vituo vya televisheni vya BBC, ITV na Sky hutangaza kwa pamoja makadirio ya viti. Haya si matokeo, na pia si yale maoni yanayokusanywa wiki kadhaa kabla. Ni watu waliosimamishwa mlangoni wakitoka kupiga kura na kuombwa waweke tiki kwenye karatasi ya mfano. Mwaka 2017 walifanya hivyo katika vituo 144. Kwa sehemu kubwa hurudi kwenye vituo vile vile vya uchaguzi uliopita, kisha wanapima badiliko, na ndiyo sababu huwa karibu na ukweli. Juni 8, 2017 yalisema Conservative, mmoja wa vyama vyao viwili vikubwa pamoja na Labour, viti 314, chama kikatoka na 317. Desemba 2019 yalisema 368, kikapata 365.

Andika makadirio hayo kwenye safu ya tatu, lakini usimtangaze mshindi kama namba iko jirani na 326. Mwaka 2015 makadirio yalikipa Conservative viti 316, yaani hakina wingi. Asubuhi kilikuwa na 330, na kikaunda serikali peke yake. Kosa la viti 14 ni dogo kwa hesabu ya 650, ila lilivuka mstari uliouzungushia duara. Kama makadirio yako ndani ya viti 20 vya mstari, juu au chini, sema "bado" na uendelee kunywa chai.

Matokeo ya kwanza kabisa hutoka Sunderland na Newcastle, miji ya kaskazini mashariki inayoshindana kwa kasi ya kuhesabu. Yajaze, ila usiyatumie kupima nchi nzima. Kura zao hazihesabiwi kituoni na kubandikwa ukutani kama kwetu. Masanduku yote ya jimbo hupelekwa kwenye ukumbi mmoja, wanahakiki kwanza kwamba idadi ya karatasi inalingana na zilizotolewa, ndipo wanahesabu kwa mkono. Jimbo la vijijini lenye barabara ndefu hutangaza alfajiri. Wakirudia kuhesabu, unaweza kusubiri zaidi: mwaka 2017 jimbo la Kensington lilitangazwa Ijumaa usiku kwa tofauti ya kura 20, na North East Fife mshindi alipita kwa tofauti ya kura 2.

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kusoma asilimia badala ya viti. Tazama 2017: Conservative walipanda kutoka asilimia 36.9 ya kura hadi 42.4, lakini wakapoteza viti 13 na wingi wao wa bunge. Labour walipata asilimia 40.0 na viti 262. Mwaka 2024 Labour hao hao walipata asilimia 33.7 tu, na viti 411. Asilimia inakueleza hali ya watu. Viti ndivyo vinaamua sheria gani itapita, na jambo la Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, lote liliamuliwa na viti.

Kosa la pili ni dogo ila huleta ubishi kijiweni: kwa viti vya Conservative vya 2017, gazeti moja litaandika 317 na jingine 318. Yote mawili ni sahihi. Spika wa wakati huo, John Bercow, aliingia bungeni akitokea Conservative, na wengine humhesabu na chama chake cha zamani. Chagua njia moja uishike hadi mwisho.

Ukikuta hakuna chama kilichofika 326, geuza ukurasa ufanye hesabu ya pili. Toa Spika na naibu wake 3, kwa kuwa hawapigi kura. Toa wabunge wa Sinn Féin, chama cha Ireland Kaskazini ambacho hukataa kukalia viti vyake. Mwaka 2017 walikuwa 7. Kwa hiyo 650 ukitoa 4, ukitoa 7, unabaki na 639, na nusu iliyozidi ni 320. Conservative walikuwa na 317, mmoja wao akawa naibu spika, wakabaki 316. Ongeza 10 wa DUP, chama kingine cha Ireland Kaskazini kilichokubali kuwaunga mkono, unapata 326 dhidi ya 313. Wingi wa 13. Makubaliano hayo yalitiwa saini Juni 26, na Ireland Kaskazini ikaongezewa pauni bilioni 1. Iandike hiyo 13 kwa wino mwekundu, tutairudia.

Sasa Brexit. Matokeo ya kushtukiza hayafuti tarehe iliyokwisha kuandikwa kisheria, na hili lazima ulishike kwa mikono miwili. Kura ya maoni ya Juni 23, 2016 ilitoa asilimia 51.9 za kutoka Umoja wa Ulaya dhidi ya 48.1. Machi 29, 2017 serikali ikatoa taarifa rasmi ya kujitoa, na saa ya miaka 2 ikaanza kuhesabu. Waziri Mkuu wa wakati huo, Theresa May wa Conservative, akaitisha uchaguzi akitaka wingi mkubwa zaidi, akaupoteza hata ule mdogo aliokuwa nao. Wengi walidhani siku ile kwamba Brexit imekufa. Mazungumzo yalianza Juni 19 kama yalivyopangwa. Kilichobadilika ni nguvu ya kupitisha mkataba wa kujitoa bungeni: Januari 15, 2019 ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202, ukakataliwa tena mara mbili mwezi Machi, na tarehe ikasogezwa. Ni baada ya viti 365 vya Desemba 2019 ndipo nchi ilipotoka, Januari 31, 2020, na kipindi cha mpito kikaisha Desemba 31 mwaka huo.

Kwa hiyo ukisikia kauli za Ijumaa asubuhi, zipange kwa uzito. Mpinzani akimtaka Waziri Mkuu ajiuzulu, kama Jeremy Corbyn, kiongozi wa Labour, alivyofanya 2017, hiyo ni desturi na haina tarehe ndani yake. Viongozi wa Ulaya ndio wa kusikilizwa: siku ile Donald Tusk, aliyekuwa Rais wa Baraza la Ulaya, alikumbusha kwamba mwanzo wa mazungumzo haujulikani, ila mwisho wake unajulikana. Soko la hisa la London likipanda usiseme wafanyabiashara wamefurahi. Kampuni nyingi kubwa pale hupata mapato nje ya nchi, pauni ikishuka mapato hayo yanaonekana makubwa zaidi. Juni 9, 2017 pauni ilishuka na hisa zikapanda siku moja.

Pauni yenyewe ndiyo huitikia kwanza, dakika chache baada ya makadirio. Mwaka 2017 ilipoteza kama senti 2 za dola. Usiku wa kura ya maoni ya 2016 ilianguka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya 1.35, kiwango ambacho hakikuonekana tangu 1985.

Hapo ndipo mkulima anaingia, na ndipo dalali huingia pia. Atakuja getini Jumamosi na kusema Uingereza imeyumba, bei imeshuka, lete kwa hii. Kabla hujamjibu, fungua mkataba uangalie umeandikwa kwa fedha gani. Chai inayopita mnada wa Mombasa huuzwa kwa dola. Arabika ya Mbozi hufuata soko la New York, kwa senti za dola kwa ratili. Wapo wanaosikia "pauni" ya uzito kwenye taarifa ya kahawa wakadhani ni fedha ya Uingereza, na hofu ikaanzia hapo. Hata robusta inayouzwa soko la London hupangiwa bei kwa dola kwa tani. Pauni ikishuka, mnunuzi wa Uingereza anaona mzigo wa dola umekuwa ghali na anaweza kupunguza oda wiki zinazofuata, lakini bei ya mkataba uliokwisha kusainiwa kwa dola haibadiliki usiku huo.

Ukiwa na mkataba wa pauni, tuseme wa parachichi, piga hesabu hivi. Mzigo wa pauni 5,000, pauni ikiwa dola 1.30, ni dola 6,500. Ikishuka hadi 1.27 ni dola 6,350. Umepoteza dola 150, na kama dola ni shilingi 2,500, hiyo ni 375,000. Namba hizo za mfano zibadilishe kwa viwango vya benki yako vya siku hiyo, kile cha kununua, si cha kuuza. Hasara ipo, ila ni chini ya asilimia 3. Dalali anayekata asilimia 20 hajakatwa na Uingereza.

Ushuru nao usiuchanganye na uchaguzi. Bidhaa za Tanzania huingia Uingereza bila ushuru chini ya mpango wao kwa nchi zinazoendelea, ulioanza Juni 19, 2023, na kuubadili kunahitaji hatua za kisheria zinazotangazwa. Jambo ambalo Brexit ilibadili kweli ni njia: tangu Januari 1, 2021 mzigo ulioshushwa Rotterdam, bandari ya Uholanzi, unakutana na mpaka wa forodha kabla ya kufika Uingereza. Hakikisha nyaraka zako zinataja nchi ya mwisho, isiwe "Ulaya" tu.

Tarehe ya mwisho ya kuandika daftarini ni kura ya hotuba ya ufunguzi wa bunge, inayosomwa na mfalme au malkia wiki chache baada ya uchaguzi. Ndiyo mtihani wa kwanza wa serikali. Mwaka 2017 kura hiyo ilipigwa Juni 29, ikapita kwa 323 dhidi ya 309. Tofauti ni 14. Rudi kwenye namba ya wino mwekundu uone ulikuwa karibu kiasi gani.