Kuotesha utando wa bakteria ndani ya mzizi wa jino

Utando huu tunauotesha ili kujaribia dawa za kuua bakteria ndani ya mzizi. Tafuta meno yaliyong'olewa yenye mzizi mmoja ulionyooka, wenyewe wakiwa wameridhia yatumike. Yahifadhi kwenye thaimoli, dawa ya kuzuia vijidudu, ya asilimia 0.1. Yaliyokaa kwenye fomalini mimi siyachukui, maana fomalini hubadilisha protini za dentini, yaani tishu ngumu inayounda sehemu kubwa ya jino.

Kata kichwa cha jino, panua mfereji kwa faili, usafishe kwa sodiamu haipokloraiti kisha EDTA, kemikali inayovuta madini, ya asilimia 17. Hapa nawasihi wanafunzi wangu wasiende mbio. Faili huacha tope jembamba linaloziba midomo ya mirija ya dentini. Lisipotoka, bakteria wataota juu juu tu, na dawa yoyote utakayoijaribu itaonekana hodari. Suuza sana, ziba ncha ya mzizi kwa kompoziti (utomvu wa kuzibia meno), tia kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, nyuzi 121 kwa dakika 20. Kisha laza mizizi usiku kucha ndani ya mchuzi wa BHI, chakula cha bakteria, kwenye nyuzi 37. Mchuzi ukichafuka, kuna bakteria waliosalia; rudia otoklevu.

Andaa Enterococcus faecalis, bakteria wa kujaribia, kwa ukungu wa McFarland (kipimo cha wingi wa bakteria) 0.5, yaani takriban seli milioni 150 kwa mililita. Shusha sindano nyembamba hadi karibu na ncha ya mzizi, sukuma taratibu huku ukiivuta juu. Ukijaza kutokea mdomoni, kiputo cha hewa hunasa chini, na theluthi ya mwisho ya mfereji, ile inayotusumbua zaidi kwa wagonjwa, haipati kitu.

Badilisha mchuzi kila baada ya saa 48, bila kugusa kuta. Subiri siku 21. Utando mchanga hufa upesi mno, kwa hiyo kujaribia dawa utando wa siku mbili ni kujidanganya. Kila unapobadilisha, otesha tone kwenye sahani na uangalie kwa hadubini baada ya kutia rangi za Gram, zinazotofautisha bakteria: unataka viduara vya zambarau, viwili viwili au minyororo mifupi. Ukiona bakteria wenye umbo la vijiti, mzizi huo umeingiliwa na wengine, utoe.

Baada ya dawa, izime kabla ya kuchukua sampuli. Haipokloraiti huzimwa kwa sodiamu thiosalfeti, la sivyo itaendelea kuua ndani ya kichupa. Vijiti vya karatasi vya kufyonza mfereji huokota bakteria wanaoelea tu. Kwangua dentini yenyewe kwa faili, au pasua mzizi, utie rangi za uhai na utazame kwa hadubini ya leza: wazima kijani, wafu wekundu. Mizizi ya kulinganishia ioshwe kwa maji ya chumvi, ujazo uleule na muda uleule, maana mkondo wenyewe hung'oa bakteria.