SOMO: Kukagua pikipiki kubwa ya safari iliyotumika, KABLA hujalipa

Naandika mara moja tu maana simu zimezidi, na wengi wananipigia wakiwa wameshalipa. Naongelea zile za safari kama V-Strom 650, Versys 650, Transalp, za kutoka Dar mpaka Mbeya na mgongo ukabaki mzima.

1. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi. Hailingani, ondoka.

2. Uikute injini ya baridi. Gusa kwa mkono, kama ya moto ameshaiwasha kukuficha kitu, rudi kesho.

3. Nyanyua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ikinasa katikati, beringi za usukani zimekwisha.

4. Vuta cheni pale nyuma, kwenye sproketi (lile gurudumu la meno) ya tairi la nyuma. Ikinyanyuka mpaka nusu ya jino inaonekana, hesabu seti nzima, cheni na sproketi zake, kwenye bei.

5. CHAJI. Hapa ndipo nilipoumia. Yangu ya kwanza iliwaka kwa kugusa tu, kumbe muuzaji kaweka betri mpya kuficha ugonjwa, nikatoka Dar vizuri, Morogoro vizuri, saa kumi na mbili jioni niko katikati ya hifadhi ya Mikumi taa ikaanza kufifia kama koroboi iliyoishiwa mafuta, dashibodi ikazima, injini ikakata. Tembo wapo ng'ambo ya barabara wanakula. Nilipakiwa na lori, Mungu ambariki yule dereva. Fundi alipofungua, soketi ya zile nyaya tatu za koili ya chaji imeyeyuka imekuwa kahawia, reguleta, kile kifaa cha kudhibiti chaji, imeungua. Kwa hiyo nenda na mita ya kupimia volti. Ikiwa imezimwa betri isome kama volti 12.6, washa, taa kubwa juu, panda mpaka rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) 5,000, isome kati ya 13.5 na 15. Ikibaki kwenye 12, usinunue. ONYO: zungukeni nayo dakika 20 halafu pima TENA, reguleta nyingi mbovu zinazingua zikishapata moto.

MASWALI

– Mkuu nimeona Versys bei poa, nichukue?
Umepima chaji?
– Bado, ila picha iko safi sana
Picha haina volti. Soma namba 5.

– Mimi nimenunua tatu sijawahi kubeba mita na sijakwama
Mimi nimekwama. Mita ni bei ya chakula cha mchana, beba.

– Kaka samahani, kilomita za dashibodi nitajuaje kama ni za kweli?
Swali zuri dada. Angalia vitu visivyodanganya: raba za kukanyagia, raba ya gia, na diski ya breki, pitisha kidole ukingoni, ukikuta kingo imesimama imelika sana. Dashibodi inasema 15,000 na raba ya gia imekuwa laini kama sabuni, hapo kuna uongo. Na tairi: tafuta tarakimu nne za mwisho pembeni, 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016. Hata kama kashata zake bado nzuri, mpira umeshakauka, kwenye mvua ya Kitonga itakuangusha.

– Na makalio je, mi baada ya Chalinze tu nimekufa ganzi
Mkeka wa shanga, ule wa madereva wa teksi, ufunge juu ya siti kwa kamba. Hewa inapita, jasho hakuna. Mi huwa nashuka kila kilomita 120 hata kama sijachoka.
– Wa mbao au plastiki?
Mbao. Plastiki inachoma jua likiwa kali.