Kufufua Alleyway kwenye Game Boy ya zamani

Game Boy yangu, mashine ya Nintendo ya kuchezea michezo mkononi, ni ile ya kijivu ya 1989, na mchezo wa Alleyway ulitoka mwaka huohuo: kibao chini, mpira, ukuta wa matofali juu. Nilipoitoa mashine kabatini haikuwaka kabisa.

Anza na sehemu ya betri. Betri nne za AA zilizosahauliwa ndani huvuja, na vile vyuma huota ukoko. Chovya pamba ya masikio kwenye siki, sugua taratibu mpaka ving'ae, pitisha spiriti, acha vikauke.

Halafu kaseti ya mchezo. Tafadhali usiipulize! Sote tulipuliza utotoni, lakini unyevu wa pumzi unaleta kutu. Sugua meno yake ya chuma kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba isitoke na weusi. Yangu ilimaliza pamba sita.

Washa. Jina la Nintendo likishuka kama mstari mweusi mtupu, kaseti haijagusa vizuri: zima, ichomoe, irudishe. Kioo kikiwa kitupu, zungusha kwanza kigurudumu cha pembeni, kile cha kurekebisha ukolezi wa picha.

Alama zako hupotea ukizima, kwa hiyo mimi naziandika kwenye daftari, pamoja na tarehe.