Riichi: jinsi ya kuamua kosa mezani, kuanzia mkono uliokufa hadi chonbo

Kosa likitokea katika riichi, yaani mahjong ya Kijapani, wachezaji wengi hukimbilia kubishana juu ya adhabu kabla ya kutazama kete. Anzeni na swali hili: duru inaweza kuendelea kwa haki? Ikiweza, mkosaji pekee anauliwa mkono, yaani kete zake haziwezi tena kushinda duru hiyo. Isipoweza, ni chonbo, yaani kosa kubwa lenye adhabu ya pointi, na duru nzima inafutwa.

Hatua ya 1: Simamisheni mchezo. Asiguse mtu kete. Ukuta, yaani kete zilizopangwa za kuokotwa, ukishavurugwa, hakuna tena cha kuamulia.

Hatua ya 2: Hesabuni kete za mkosaji. Kabla ya kuokota awe na 13, akishaokota 14. Kan, ingawa ina kete nne zinazofanana, ihesabuni kama tatu. Akikutwa na pungufu au ziada mchezo ukiwa umeshakwenda, mkono wake umekufa. Ataendelea kuokota na kutupa, lakini haiti kete iliyotupwa na mwingine kwa chi (mfuatano wa kete tatu), pon (tatu zinazofanana) wala kan, hatangazi riichi (tamko kwamba mkono uliofungwa umebakiza kete moja kushinda), wala hashindi. Ukuta ukiisha bila mshindi, anahesabiwa hakufika tenpai (kubakiza kete moja tu kushinda) na anachangia pointi 3,000 ambazo wasiofika huwalipa waliofika. Ukiuliwa mkono, usitupe ovyo kwa hasira: bado unaweza kumpa mwenzako ushindi, na utaulipia kama kawaida.

Hatua ya 3: Kagueni ushindi wa uongo. Kanuni nyingi hutofautisha mambo mawili. Aliyetamka "ron" (kushinda kwa kete aliyotupa mwingine) bila kulaza kete zake anauliwa mkono tu. Aliyezilaza, zikaonekana na wote, amepata chonbo, kwa sababu duru haiwezi tena kuendelea kwa haki.

Kosa la kwanza hapa ni kukosa yaku (muundo unaoruhusu mkono kushinda), hasa kwa aliyeita pon au chi akategemea dora (kete za bonasi). Dora huongeza thamani tu, si yaku. La pili ni furiten, yaani kunyimwa ron kwa sababu uliwahi kutupa au kuacha ipite kete ya ushindi wako, na hili ndilo linalowaumiza wengi. Tuseme una mianzi (aina mojawapo ya kete za namba) 4 na 5, unasubiri 3 au 6. Mianzi 3 uliwahi kuitupa mwanzoni. Jirani akitupa 6, huwezi kuichukua kwa ron, hata kama 6 hukuwahi kuitupa, maana furiten hufunga kete zote unazosubiri. Kuiokota mwenyewe, tsumo, ni halali. Vilevile ukiiacha kete ya ushindi ipite, huna ron hadi zamu yako ifike tena; na kama ulishatangaza riichi, huna ron hadi duru iishe. Kwa hiyo zoea kutazama kete ulizotupa kabla ya kufungua mdomo.

Hatua ya 4: Riichi ya uongo. Ukuta ukiisha, kila aliyetangaza riichi lazima aonyeshe mkono. Asipokuwa tenpai, ni chonbo. Mtu mwingine akishinda kabla ya hapo, mkono hauonyeshwi na adhabu haipo. Kan ya siri (ya kete nne ulizookota mwenyewe) inayobadilisha kete unazosubiri baada ya riichi nayo huadhibiwa kwa chonbo.

Hatua ya 5: Lipeni. Chonbo ya kawaida ni mangan iliyogeuzwa: mkosaji huwalipa wengine thamani ya mangan, kiwango maalumu cha ushindi mkubwa, badala ya kuipokea. Mkosaji asiye mgawaji humpa mgawaji 4,000, na wale wawili wengine 2,000 kila mmoja: jumla 8,000. Mgawaji akikosea, humlipa kila mmoja 4,000: jumla 12,000.

Hatua ya 6: Rudieni duru. Vijiti vya pointi 1,000 vilivyowekwa kwa riichi katika duru hiyo hurudi kwa wenyewe. Mgawaji habadiliki, na kijiti cha honba (cha kuhesabu duru zilizorudiwa) hakiongezwi.

Kabla ya duru ya kwanza, kubalianeni mnatumia kanuni zipi. Kanuni za Ulaya za mwaka 2016, kwa mfano, hazina malipo haya ya mezani: mkosaji hukatwa pointi 20,000 kwenye matokeo yake ya mwisho, baada ya uma (nyongeza na makato ya nafasi aliyomaliza kila mchezaji) kuhesabiwa. Aliyezoea mangan iliyogeuzwa ataanza kugawa vijiti ambavyo hakuna anayevidai.